Sola inapozidi mchana: ununue nini kwanza kwa maji moto na gari la umeme

Nyumba nyingi za Nairobi, Arusha au Dar zenye inverta ya kilowati 5 na betri ya lithiamu hufika mchana betri imeshajaa. Kuanzia hapo inverta inazibana paneli: jua linawaka, lakini umeme hauzalishwi kwa kuwa hauna pa kwenda. Umeme huo hauonekani kwenye mita wala kwenye tokeni, kwa hiyo watu wanaupoteza bila kujua. Na kwa kuwa ziada yetu inabanwa badala ya kutoka kwenda gridi, vifaa vinavyosifiwa Ulaya mara nyingi havifai hapa.

Kabla ya kutoa hela, pima. Siku ya jua kali, betri ikiwa asilimia 100, washa birika la umeme au pasi ya kilowati 2 huku ukitazama programu ya inverta. Uzalishaji wa paneli ukipanda kwa karibu kilowati 2 na betri isishuke, hiyo ndiyo ziada yako. Betri ikianza kushuka, huna ziada ya kutosha, na hita itakula umeme wako wa usiku. Rudia jaribio siku tatu, mojawapo iwe ya mawingu.

Hesabu ya maji ni rahisi: lita, mara nyuzi unazotaka kupandisha, mara 0.00116, unapata uniti. Lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni uniti 4.6. Pwani, ambako maji ya bomba yanaanzia karibu nyuzi 28, ni uniti 3.7.

1. Hita ya tangi yenye elementi ndogo, kwenye mlango wa ziada wa inverta

Hili ndilo chaguo letu la kwanza. Inverta za Deye na Sunsynk za aina ya haibridi, yaani zinazounganisha paneli, betri na gridi, zina mlango ulioandikwa GEN au AUX, na menyu yake ina hali ya Smart Load, yaani mzigo unaowashwa kulingana na chaji ya betri. Weka iwashe betri ikifika asilimia 95 au zaidi, izime ikishuka hadi 85. Hita itajiwasha pale tu ziada ipo, na mawingu yakishusha betri hadi 85 itajizima bila mtu kugusa swichi.

Nunua tangi la lita 80 hadi 100 kwa familia ya watu wanne, elementi ya kilowati 1.5. Mafundi wengi watakusukumia ya kilowati 3 kwa kuwa inachemsha haraka. Kataa. Haraka haina faida wakati una saa nne za jua, na kilowati 3 pamoja na birika na pampu ya maji zinaizidi inverta ya kilowati 5, nyumba nzima inazimika. Kwa 1.5, lita 100 zinachukua kama saa tatu.

Mambo matatu yanaharibu mpango huu. La kwanza: mlango wa GEN ukiutumia kwa hita, hauwezi tena kupokea jenereta. La pili: menyu ina alama ya kuruhusu Smart Load iwake wakati wote gridi ipo, yaani On Grid always on. Ikiwa imewekwa, hita inakula LUKU usiku kucha na mwenye nyumba analaumu sola. La tatu ni valvu ya usalama. Lita 100 zikipata moto hutanuka kwa lita moja na nusu hivi, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. Bomba lake lisizibwe hata likidondosha. Kwenye maji ya kisima yenye chumvi, fungua elementi kila mwaka uondoe ukoko na uangalie fimbo ya magnesiamu, inayoliwa na kutu badala ya tangi. Ikiisha, kutu inahamia kwenye tangi lenyewe.

Weka thamostati nyuzi 60. Maji ya vuguvugu yanayokaa siku nyingi hukuza bakteria.

2. Saa ya kuwashia na kontakta

Hii ni kwa inverta isiyo na mlango wa ziada, na ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote. Saa ya kwenye reli ya bodi, kontakta ya ampea 25 (swichi ya mzigo mkubwa inayoamriwa na saa), waya wa milimita za mraba 2.5, breka yake peke yake. Iwake saa tano na nusu hadi saa nane na nusu mchana. Udhaifu wake ni kwamba saa haijui mawingu. Msimu wa mvua izime. Usipitishe hita kwenye plagi ya Wi-Fi. Hata iliyoandikwa ampea 16 hupata moto ikibeba mzigo mkubwa kwa saa nyingi, na soketi ndiyo inayoyeyuka kwanza.

3. Hita ya pampu ya joto

Inavuta joto kutoka hewani, hivyo uniti moja ya umeme inatoa kama tatu za joto, na Mombasa au Tanga inafanya kazi vizuri sana. Mzigo wake ni wati 500 hadi 700 tu, kwa hiyo hata ziada ndogo inatosha. Ni ghali na inahitaji fundi wa friji. Inalipa kwenye familia kubwa au nyumba ya wageni.

4. Kebo ya kuchajia gari inayopunguzwa ampea

Tumeliweka gari hapa chini kwa sababu moja: mchana gari liko kazini. Kama lako hubaki nyumbani, lipandishe hadi nafasi ya pili.

Kiwango cha chini cha kuchaji ni ampea 6, takriban kilowati 1.4. Chini ya hapo gari halipokei. Nunua kebo inayochaguliwa ampea 6, 8, 10 au 13. Kwa ampea 8, saa nne zinakupa uniti 7 na zaidi, kama kilomita 40 kwa Nissan Leaf. Leaf zilizotumika kutoka Japani zina tundu la Type 1. Magari ya soko la China huja na GB/T. Tazama tundu kabla ya kuagiza. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 itaangusha inverta ya 5.

Kebo ikionyesha hitilafu ya ethi umeme wa gridi unapokatika, mara nyingi haijaharibika: inverta imeachana na gridi na nyutro haijaungana na ethi. Fundi mwenye leseni aweke rilei, swichi inayojiendesha, ya kuunganisha nyutro na ethi wakati huo tu. Zikiungwa kudumu, breka ya usalama itakuwa inaanguka ovyo gridi ikirudi.

5. Vifaa vya kihisi cha mita, kama eddi na zappi za myenergi

Eddi hupeleka ziada kwenye maji moto, zappi kwenye gari. Ni vifaa bora, lakini vinasubiri kuona umeme ukitoka kwenda gridi. Inverta iliyowekwa kuzuia umeme usitoke haipeleki chochote gridini, navyo vinakaa kimya. Vinafaa ukiwa na mkataba wa kubadilishana umeme na shirika, ambao Kenya imeuwekea kanuni mwaka 2024. Usijaribu kuruhusu umeme utoke bila mkataba: mita nyingi za tokeni huuhesabu kama matumizi, nawe unalipia jua lako.

Visivyofaa kabisa ni bafu la papo kwa papo, ambalo huvuta kilowati 4 hadi 7 kwa dakika chache, na elementi iliyoungwa moja kwa moja na paneli kupitia thamostati ya kawaida. Mkondo wa paneli haukatiki kirahisi kama ule wa gridi. Cheche hudumu, nukta za thamostati zinaungua na kugandana, na maji yanaendelea kuchemka bila cha kuyazuia isipokuwa ile valvu.