Moulin Rouge! sebuleni kwetu Nkuhungu

Jumamosi usiku tuliitazama Moulin Rouge!, filamu ya muziki ya mwongozaji Baz Luhrmann, ya mwaka 2001, tukitafuna karanga. Mwanzo ulituchosha: picha zinakatwa haraka mno na kila mtu anapiga kelele. Mama mdogo akauliza, Paris ya mwaka 1899 nyimbo za Madonna zimefikaje? Swali la haki kabisa.

Lakini mwigizaji Ewan McGregor alipoanza "Your Song" ya Elton John, sebule ikanyamaza. Mama mdogo, aliyeusikia redioni tangu usichana wake, akaimba naye hadi mwisho. Utamu wa wimbo uliozoeleka ndio huo, haubishi hodi.

Kilichonishika mimi ni "Roxanne" ya bendi ya The Police, iliyogeuzwa muziki wa dansi ya tango. Fidla inakwaruza kama zeze la babu kule Mvumi, na wivu unausikia hata kama Kiingereza kinakupita. Niliirudisha mara tatu! Mdogo wangu analalamika kwamba wahusika wakuu wawili wanapendana haraka mno. Mimi sikuona shida hapo.

Mavazi yalipata Oscar, na yalistahili. Vumilieni nusu saa ya kwanza, na sauti muiongeze.