Radieta za Mvuke na za Maji ya Moto katika Nyumba za Kale za Marekani
Radieta za chuma cha kalibu, yaani vifaa vya kupashia vyumba joto vilivyoenea Marekani baada ya Nelson Bundy kubuni yake katika miaka ya 1870, vilitumia ama mvuke ama maji ya moto. Mvuke hupanda wenyewe kutoka kwenye boila (tangi la kuchemshia maji), tena kwa kasi, hivyo ulifaa majengo marefu. Lakini katika mfumo wa bomba moja, mvuke uliogeuka maji hurudi kwa njia ileile, na radieta isipoinamishwa kidogo kuelekea vali, maji hukwama na mabomba hugonga kwa kelele usiku kucha. Maji ya moto huchelewa kupasha chumba, ila hutunza joto muda mrefu, na kwa makazi ya familia nayaona bora. Anayenunua radieta kuukuu achunguze viungo vya vipande vyake: nyingi za mvuke vipande vyake vimeunganishwa chini tu, kwa hiyo zikitumiwa kwa maji ya moto, maji hayazunguki ndani yake ipasavyo.