Bwana wa medali, Mkunazini: nyota nne, ya tano nimeizuia

Kama mna medali ya babu imelala kabatini na hamjui aliipata na kikosi gani, huyu bwana wa ghorofani Mkunazini anawafaa. Nasema hivyo ingawa ngazi zake zimeniumiza magoti: za mbao, nyembamba, na cha kushikia ni kamba tu. Mzee mwacheni nyumbani, pelekeni medali.

Yetu ni ya fedha. Upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Tano, upande wa pili mtu uchi juu ya farasi (marehemu mama mkwe akiulaza upande huo chini, wageni wasiuone). Ukingoni pana namba, jina la babu yake mume wangu, na KAR ya pili, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika. Basi. Babu alikuwa Myao, alikuja Unguja baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia akalowea Bububu. Nyumbani pana visa viwili. Ami anashikilia kwamba babu alikuwa askari hapa hapa Unguja siku manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilipoizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, bandarini. Wengine wanasema alipigana bara, bega kwa bega na Wanaijeria.

Kisa cha ami kilikufa chai haijapoa. Pegasus ilipigwa tarehe 20 Septemba 1914. Rejimenti ya pili ya KAR ilikuwa imeshavunjwa tangu 1911, na haikuundwa tena mpaka 1916. "Labda babu alikuwepo, lakini anavua samaki," akasema yule bwana. Ami alipoelezwa alinuna.

Kisa cha pili ndicho kilichonifanya nione pesa yangu haikwenda bure. KAR iliingia vitani na batalioni tatu, ikamaliza 1918 na 22, na namba zake zinababaisha: 1/2 ni batalioni ya kwanza ya rejimenti ya pili, lakini 2/1 ni watu wengine kabisa. Ukisoma mbio mbio unampeleka babu wa watu kwenye vita asivyopigana. Na medali yetu inataja rejimenti, batalioni haitaji.

Hapo akafungua picha za shajara za vikosi alizoagiza kutoka hifadhi ya nyaraka ya Kew, London, akatandika ramani ya Lindi mezani. Mahiwa, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Brigedi ya Nigeria ilikuja kwa upande wa kaskazini iwazibie Wajerumani njia ya kurudi nyuma, na jeshi la Waingereza lililotoka Lindi, likiitwa Linforce, likawasukuma kwa mbele. Ndani ya Linforce walikuwemo 1/2 na 3/2, pamoja na 3/4, Wahindi wa Bharatpur na Waingereza wa 25 Royal Fusiliers. Basi kama babu alikuwa 1/2 au 3/2, Wanaijeria kweli walikuwa wenzake katika vita vile. Akiwa batalioni nyingine, kisa kinalegea.

Nilimbana: si aandike tu kuwa ndivyo, mume wangu afurahi? Akakataa katakata. Karatasi yake inasema yawezekana, na chini yake ameorodhesha nini kikipatikana kitathibitisha. Kwa shilingi elfu sitini, mimi nimeridhika na yawezekana ya mtu mkweli.

Jirani yangu wa Mtoni yeye alirudishiwa pesa. Babu yake alikuwa mpagazi, si askari, na bwana alimwambia wazi kwamba wapagazi wengi hawakuandikwa popote. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba marehemu wa Vita Kuu ya Kwanza wasiopungua 116,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Jirani alilia, lakini anamsifu mpaka leo kwa kutomchezea.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ripoti ameiandika Kiingereza, ikabidi binti yangu anisomee, na kwa vile akisema wiki ijayo huna hakika ni wiki ipi.

Nendeni asubuhi, mchana hufunga. Na medali msiisugue kwa Brasso kabla ya kwenda: maandishi ya ukingoni yakishalika, hata yeye hana la kusoma.