Kununua faiwoli Kisumu: akaunti itakuwa ya nani?

Malalamiko ninayoletewa na wenye biashara, kuanzia Kibuye hadi Kondele, hayahusu kasi ya intaneti. Ni fundi aliyefunga faiwoli, kifaa kinachochuja kinachoingia na kutoka kwenye mtandao wako, kisha akahamia Nairobi na nenosiri. Risiti unayo, kifaa kiko ukutani kwako, lakini kuingia ndani huwezi kwa sababu kilisajiliwa kwa baruapepe ya muuzaji. Ukitaka fundi mwingine, unaanza kubembeleza.

Basi antena na kasi waachie wengine. Mimi nauliza: nikikosana na muuzaji kesho, nitabaki na nini?

Kwa kipimo hicho, chapa ya kwanza ni MikroTik, na upendeleo wangu siufichi. Vifaa vya hawa watu wa Latvia huja na leseni ya RouterOS, programu inayoviendesha, isiyoisha muda, na havidai akaunti ya mtandaoni ndipo vifanye kazi. Fundi akipotea, kwa kawaida kitufe cha kufuta mipangilio kinatosha mwingine aanze upya. Dai nakala ya mipangilio siku ile ile anapofunga, iwe kwenye flashi yako. Ila fundi asiyeijua RouterOS atakuachia milango wazi. Usimpe mtu wa kubahatisha.

Ya pili, UniFi ya Ubiquiti. Ni rahisi kuendesha hata kwa simu. Mmiliki kwenye akaunti awe wewe, fundi abaki msimamizi tu.

FortiGate naiweka ya tatu. Kliniki au sacco yenye rekodi za watu inaihitaji, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haina mzaha. Lakini usajili wake wa kulipia ukiisha, masasisho ya kinga ya virusi husimama. Bei ya mwaka wa pili iandikwe kwenye kotesheni ya leo.

Meraki ya Cisco iko mkiani. Kwa leseni zake zinazoisha zote siku moja, ukichelewa kulipa unapewa siku 30, kisha vifaa vinaacha kufanya kazi. Huko ni kupanga nyumba, si kununua.

TP-Link za bei ya chini? Kibanda cha M-Pesa kinatosheka.

Na hawa wauzaji! Bei kwa dola, VAT ya asilimia 16 imefichwa chini kabisa, nauli ya fundi inazuka baadaye. Ukiuliza akaunti itasajiliwa kwa jina la nani, wanakutazama kana kwamba umeomba PIN yao. Mmoja aliniambia kukabidhi akaunti ni huduma ya ziada, ina ada yake. Kotesheni yake nilimwachia hapo hapo mezani.