Viti 435 vya Marekani: Hamilton au Huntington-Hill?

Hizi ni njia mbili za kugawia majimbo viti vya Baraza la Wawakilishi la Marekani kulingana na idadi ya watu. Ya Hamilton ni nyepesi: gawanya watu wa nchi nzima kwa idadi ya viti, kisha watu wa kila jimbo kwa jibu hilo. Namba nzima ndiyo viti; vinavyobaki huenda kwa majimbo yenye desimali kubwa zaidi. Balaa lipo hapo: kwa sensa ya 1880, Alabama ingepata viti 8 Baraza likiwa na 299, lakini 7 likiwa na 300!

Huntington-Hill, iliyowekwa kisheria 1941, haina kituko hicho. Kila jimbo huanza na kiti 1. Vile 385 vinavyobaki hutolewa kimoja kimoja kwa jimbo lenye alama ya juu, yaani watu ÷ √(n(n+1)), n ikiwa viti ambavyo tayari linavyo. Kiti cha mwisho ndicho chenye kilio: mwaka 2020 New York ilikikosa kwa watu 89 tu.