Kekee ya kutolea sampuli za pete za miti: nyota nne, ila ujue unachoshika

Hii kekee ya mkono nimeshaitumia muda wa kutosha kuisemea, na kwa mtu anayefuatilia hali ya hewa ya zamani kwa kweli sijaona kifaa kinachoizidi. Mti hauukati, unatoa kijiti chembamba kuliko penseli, milimita 5 hivi, na humo ndani kuna pete, yaani mistari ambayo mti kwa kawaida huongeza mmoja kila mwaka, nazo ndizo rekodi ya mvua na ukame wa miaka mia na kuendelea. Muundo wake ni wa zamani mno, Mjerumani Pressler aliitengeneza miaka ya 1860 kwa ajili ya watu wa misitu na mpaka leo haijabadilika sana. Vitu vitatu tu: mpini, bomba lenye meno ya skrubu mbele, na kijiko kirefu chembamba cha chuma. Ukimaliza kazi vyote vinaingia ndani ya mpini, unatia kwenye begi unaondoka.

Matumizi sasa. Unasimama sawa, unalenga katikati ya shina usawa wa kifua, mizunguko ya mwanzo lazima usukume kwa nguvu mpaka meno yang'ate, baada ya hapo inajivuta yenyewe. Ukifika kwenye kiini unaingiza kijiko, unarudisha mpini mzunguko mmoja, sampuli inakatika ndani, halafu unavuta kijiko taratibu na pete zote zinatoka zimejipanga kuanzia gome. Hapo ndipo utaipenda. Kwenye sehemu kavu pete nyembamba ni mwaka mti ulikosa maji, kwenye sehemu za baridi kali ni msimu wa joto ambao haukupata joto la kutosha.

Kasoro zipo jamani. Ncha inaisha makali haraka kwenye mbao ngumu, na ikishakuwa butu sampuli inatoka imejinyonga au vipande vipande, haisomeki. Halafu mti ulio hai unabana chuma, ukiiacha humo upige stori unaweza kushindwa kabisa kuitoa, kwa hiyo paka nta ya nyuki kwenye meno kabla ya kuanza na ukishapata sampuli izungushe itoke hapo hapo. Mti uliooza ndani ndio mbaya zaidi maana meno hayana pa kushika, kurudi nyuma inagoma. Na usafishe kwa spiriti kabla ya kwenda mti mwingine usije ukahamisha ugonjwa.

Kitu muuzaji hatakwambia ni kwamba kekee ni mwanzo tu wa kazi. Sampuli unaihifadhi kwenye mrija wa karatasi, ya plastiki inaleta ukungu, ikikauka unaibandika kwa gundi kwenye ubao wenye mfereji nyuzi za mbao zikiwa zimesimama wima, unapiga msasa kuanzia wa kukwaruza mpaka namba 400 au zaidi, ndio uweke chini ya hadubini. Unahesabu kutoka kwenye gome, kila miaka 10 nukta moja ya penseli, 50 nukta mbili, 100 nukta tatu. Na kuhesabu peke yake hakutoshi!! Mwaka wa ukame mkali mti unaweza usitengeneze pete kabisa, mwaka mwingine ukatengeneza mbili, moja ya uongo, kwa hiyo unalinganisha miti mingi mpaka miaka ya pete nyembamba ikubaliane. Njia hii aliijenga Douglass, mtaalamu wa nyota wa Marekani aliyekuwa anatafuta athari za madoa ya jua kwenye miti, na mwaka 1937 akaanzisha maabara ya pete za miti Chuo Kikuu cha Arizona. Kwa hiyo panga sampuli mbili kila mti, na miti kama ishirini kwa eneo moja, pungufu ya hapo utapata shida kuoanisha.

Kwa watu wa tropiki, chagua mti kwanza ndipo ununue. Miti mingi ya kwenye mvua za mwaka mzima haina pete za kueleweka. Inayoishi penye kiangazi cha kweli inazo, mfano mninga, utafiti wa mninga wa Zimbabwe ulitoa historia ya mvua kuanzia 1796 hadi 1996.

Urefu wa bomba uzidi nusu ya upana wa shina unalolenga, na nunua na jiwe la kunolea siku hiyo hiyo. Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya ile ncha.