Uzoefu wangu wa kuchagua mashine ya kupiga polishi gari hapa Mtwara

Gari langu ni jeusi, na aliyewahi kumiliki gari jeusi huku pwani anaijua shida yake. Likiwa kivulini linang'aa vizuri, lakini ukilitoa juani saa nne asubuhi boneti nzima inaonyesha mikwaruzo myembamba iliyozunguka kama utando wa buibui. Yangu ilitokana na miaka ya kufutwa vumbi jekundu la safari za Newala kwa kitambaa kikavu. Msimu wa korosho uliopita nililiegesha chini ya mkorosho kwa siku mbili, na majimaji ya mabibo yaliyokaukia kwenye paa yakaacha madoa ambayo sabuni haikuyaondoa.

Kabla ya kununua mashine yangu nililipeleka kwenye gereji moja, jambo ambalo bado linaniuma. Fundi alifunga pedi ya manyoya kwenye grainda ya kukatia vyuma. Grainda ndogo ya kawaida huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, ilhali mashine ya polishi ya mzunguko mmoja hufanya kazi kati ya mara 600 na 3,000 hivi. Joto lilipanda, na kwenye ukingo wa boneti, mahali ambapo rangi huwa nyembamba zaidi, kliya, yaani lile tabaka la juu linaloonyesha na kukinga rangi, iliungua kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Pale hapana polishi ya kusaidia, ni kupaka rangi upya. Kliya ya kiwandani ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa, na kila unapoondoa mkwaruzo unaipunguza. Ndiyo maana nilipoamua kununua mashine, swali langu la kwanza lilikuwa namna itakavyoniadhibu nikikosea, kisha ndipo nikauliza nguvu zake.

Kwa kipimo hicho niliiacha mashine ya mzunguko mmoja. Mikononi mwa fundi aliyeizoea inakata haraka na inaondoa mikwaruzo mizito, lakini pedi yake husugua kuelekea upande mmoja bila kupumzika, joto hukusanyika mahali pamoja, na asiye mzoefu huacha mawimbi yanayoonekana juani. Nilichukua ya mizunguko miwili, ambayo sahani yake, ile sehemu inayoshika pedi, inazunguka huku ikiyumba. Hapa muuzaji akuambie upana wa kuyumba huko. Zipo za milimita 8, za 15 na za 21. Kampuni ya Rupes ya Italia, kwa mfano, hutengeneza za 15 na za 21. Ya 21 inamaliza haraka boneti na paa la gari kubwa, lakini kwenye milango yenye mikunjo inasumbua. Nilichagua ya milimita 15 yenye sahani ya milimita 125, na kwa gari dogo nisingebadili uamuzi huo.

Kuna jambo moja la mashine hizi ambalo dukani sikuambiwa. Kuyumba kwa sahani kunaendeshwa na mota, lakini kuzunguka kwake ni kwa hiari yake, kwa hiyo ukikandamiza sana, au pedi ikilala upande kwenye mkunjo, mzunguko unasimama na inabaki kutetemeka tu bila kukata chochote. Nilichora mstari mmoja kwa maka peni ubavuni mwa sahani. Mstari ukizunguka, kazi inaendelea. Ukiuona umesimama, ninapunguza uzito wa mkono au ninanyoosha mashine. Siku ya kwanza nilitumia karibu saa nzima kwenye mlango mmoja nikidhani kompaundi, ile dawa ya kukata mikwaruzo, ni mbovu, kumbe nilikuwa naikandamiza mno.

Pedi zilinifunza zaidi kuliko mashine yenyewe. Nilianza na sponji laini na polishi ya kumalizia kwenye eneo la sentimita 40 kwa 40, nikapita mara nne polepole, nikafuta kwa spiriti ili mafuta ya polishi yasifiche mikwaruzo, kisha nikaangalia kwa tochi. Mikwaruzo ilikuwepo bado. Nilipohamia sponji ngumu na kompaundi, utando wa buibui uliondoka, na ile sponji laini ikarudi kazini mwishoni kuleta mng'ao. Kwa hiyo tenga fedha ya pedi tano au sita tangu mwanzo, kwa sababu pedi moja ikishajaa kompaundi hupata moto na hukata vibaya. Kazi yote ninaifanya kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, kivulini, bati likiwa bado la baridi, baada ya kuosha chumvi na mchanga wote.

Kingine cha kuuliza dukani ni swichi. Siku moja umeme ulikatika nikiwa nimeifungia swichi ibaki imewashwa ili isiniumize kidole kwa kuibonyeza, nikailaza mashine sakafuni na kwenda kunywa maji. Umeme uliporudi ilianza kurukaruka yenyewe, pedi ikazoa mchanga wote wa pale chini. Ingekuwa juu ya boneti, ningeanza kazi upya. Zipo mashine zisizowaka mpaka uachie swichi na kuibonyeza tena, na kwa umeme unaokatika mara kwa mara ningelipia sifa hiyo bila kusita.

Boneti na milango sasa vinapita juani bila aibu, na madoa ya mabibo yamefifia mpaka unayatafuta. Mkwaruzo mmoja wa mlango wa kushoto nimeuacha, kwa kuwa ukipitisha ukucha unanasa, maana yake umezama kuliko kliya inavyoweza kuvumilia kupunguzwa. Sehemu ambazo mashine hii haiingii ni nguzo za vioo na kona za bampa. Hizo zinataka mashine ndogo ya sahani ya milimita 75, na mpaka nitakapoipata ninazisugua kwa mkono.